Sikio la Upande wa Kulia

Waya za kuanikia nguo zilizo kando ya uwanja wa kanisa letu hapa Makongeni ni zangu. Si kwa hati, ni kwa mazoea. Jumamosi asubuhi, mtu anayetaka kuanika pale hupitia kwanza kwa Mama Ayuma, na Mama Ayuma ndiye mimi, Lenah, kiongozi wa kwaya ya akina mama. Jumamosi ni siku ya kufua majoho ya kwaya. Ni ya zambarau, mazito, yana bitana ndani, na joho likishalowa maji hulibebi kwa mkono mmoja. Yasipolipata jua tangu asubuhi, Jumapili tunamwimbia Mungu tukiwa na migongo mibichi. Kwa hiyo nikisema waya ni zangu sitafuti ugomvi na mtu, naeleza tu mambo yalivyo.

Waya zenyewe alizifunga mume wangu, Bwire. Alikuwa gadi wa treni za mizigo, yule mtu wa behewa la mwisho anayempungia dereva bendera, na kila alichowahi kukifunga amekifunga kana kwamba kitavutwa na injini. Ni waya za chuma, mistari mitatu, kutoka mwanzo wa uwanja hadi mwisho. Amestaafu, lakini bendera zake mbili, nyekundu na ya kijani, bado ziko nyuma ya mlango wa chumba chetu, zimepigwa pasi.

Sasa nieleze habari za binti yangu. Jacklyne Ayuma alikuwa na kazi nzuri katika kampuni ya intaneti, kazi yenye kiti cha kuzunguka na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Akaiacha. Habari hiyo aliniambia kwa simu, tena nikiwa sokoni, na tangu siku ile nilimwambia habari kubwa asiniletee tena kwa simu. Akakodi kibanda Shauri Moyo, karibu na Gikomba, yeye na mwenzake Austine Amolo, mwanamume mwenye mkono uliozoea kugonga bati na mdomo wa Sheng, wakaanza kutengeneza antena.

Nilinuna, na sikuficha. Mtu asome miaka yote ile, kisha aende kugonga mabati pamoja na watengeneza sufuria? Kila nilipopata nafasi nilimwambia arudi ofisini. Naye kila mara alinijibu kwa upole ulioniudhi zaidi, "Sawa, Mama." Halafu harudi.

Ndipo likatokea lile jambo la shule. Kuna shirika linalounganisha shule za Eastlands na intaneti, kuanzia Dandora hadi huku kwetu, na lilikuwa linatafuta antena za kuweka juu ya paa. Injinia wao, mwanamke anayeitwa Ndinda, alizikuta antena za Ayuma akazipenda. Lakini akamwambia wazi kwamba kupenda kwake hakutoshi, kamati itataka ushahidi.

"Ushahidi gani?" nilimuuliza Ayuma. Tulikuwa mezani, babake anakunywa chai.

"Mama, antena ni kama tochi. Tochi nzuri inamulika mbele. Mbovu inamulika mbele na pembeni pia, inamwingia jirani machoni. Paa za huku zimebanana. Antena ikivuja pembeni, shule moja itaharibia nyingine. Kwa hivyo wanataka mchoro. Unaizungusha antena duara nzima, unapima kila upande ina nguvu kiasi gani, unachora."

"Si mwende mkapimiwe."

"Kuna chuo kina chumba cha kazi hiyo. Kuta zote zimevikwa sponji nyeusi zenye ncha, zinameza mawimbi yasirudi ndani. Foleni ya chumba hicho inafika mwaka ujao, Mama. Kamati inakaa Jumatatu."

"Na msipopata mchoro?"

"Wataagiza za ng'ambo. Sisi tutafunga kibanda." Akavuta kitambaa cha meza. "Nitarudi ofisini. Utafurahi."

Sikufurahi nilivyodhani ningefurahi. Alipokuwa akisema hayo alikuwa anakunja kitambaa cha meza, anakikunjua, anakikunja tena, na mtoto wangu si mtu wa kuchezea vitambaa.

Akaeleza kwamba iko njia nyingine, ya zamani, kabla watu hawajajenga vyumba vya sponji. Unatafuta uwanja mpana usio na kitu cha kurudisha mawimbi. Mwisho mmoja unaweka antena ya kutuma, mwisho wa pili unaweka ile unayoipima, unaizungusha polepole. Injinia Ndinda alikuwa amekubali kuja kushuhudia kwa macho yake. Pasta alikuwa ameshatoa uwanja wa kanisa. Siku ni Jumamosi.

"Jumamosi nafua," nikasema.

"Wewe fua tu, Mama. Uwanja ni mkubwa."

Neno hilo lilitoka kinywani mwake yeye mwenyewe, mtaalamu, na babake akaitikia kwa kichwa, na mimi nikaona wamenena vyema. Ndilo lililotuponza.

Jumamosi ikafika na jua zuri. Nilianika mapema, mistari yote mitatu, majoho ya kwaya nzima pamoja na mashuka ya Mama Otiende, jirani yangu, ambaye alikuwa ameniomba nafasi kwa adabu. Nilipomaliza nikageuka kuangalia wenzangu wanafanya nini.

Nitasema ukweli, kile chombo chao hakikunivutia. Walikuwa wamechukua miguu ya kiti cha ofisini, kile cha kuzunguka, wakasimika bomba la plastiki juu yake, na juu ya bomba wakafunga antena, bakuli pana la alumini lenye kijiti katikati. Chini ya bomba walipigilia ubao wa duara uliochorwa digrii pembeni. Nikawaza moyoni kwamba aliacha kiti cha kuzunguka ofisini ili aje kukipindua kanisani.

Austine alikaa mwisho wa pili wa uwanja na antena ya kutuma. Simu zote zilizimwa. Watu wa nyumba za karibu waliombwa kuzima wifi, na Mama Otiende alizima yake akilalamika kwamba wanawe wataanza kuongea naye sasa, na yeye hana la kuwaambia. Ndani ya kanisa vijana walikuwa wanafanya mazoezi ya kinanda na spika zao, kwa hiyo hata kupaza sauti uwanjani ilikuwa kazi bure.

"Tutasikizana aje sasa?" Austine aliuliza. "Fone ziko off, na hawa wasee wa keyboard wanatumaliza."

Bwire aliinuka. Aliingia nyumbani kwetu, hapo kando tu, akatoka na bendera zake. Sijui kama nimewahi kumwona akitembea hivyo tangu astaafu. Akamwambia Austine, "Ukiwa tayari kule, mashine imetulia, niambie. Nitapandisha kijani. Kukiwa na tatizo, nyekundu. Na usinidanganye, kijana. Bendera ya kijani haipandishwi kwa kutumaini. Inapandishwa njia ikiwa wazi."

"Sawa, mzee."

Ayuma alimwomba babake asimame nyuma kabisa ya antena ya kutuma, kwa sababu hata mwili wa mtu hurudisha mawimbi. Bwire akasogea mara moja. Mimi nikimwomba asogee kutoka mlangoni hunitaka nieleze kwanza sababu.

Injinia Ndinda alikuja amevaa viatu vya kutembelea, jambo nililolipenda. Alifika macho kwenye makaratasi yake, akakaa ndani ya hema la kanisa, nyuma ya Ayuma, na kompyuta yake ikaunganishwa kwa kebo ndefu na ile antena. Jua lilikuwa linampiga kutoka upande wa kulia, tukamfungia turubai upande huo asiungue.

Bendera ya kijani ikapanda. Ayuma, ameinama chini ya ubao, akaanza kuzungusha. Digrii kidogo, anasimama. Digrii kidogo, anasimama. Kwenye kompyuta ya injinia mchoro ukaanza kuota taratibu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, na nilishangaa kuona ni kitu kizuri. Lilikuwa jani, refu, jembamba, limeelekea mbele, na huku nyuma kwenye shina vijani vidogo vidogo.

"Hivyo vidogo vinaitwaje?" niliuliza.

"Masikio ya pembeni," injinia akasema. "Kila antena inayo. Tunachotaka yawe madogo. Haya ni madogo sana." Alikuwa anatabasamu. Kisha akaacha kutabasamu.

Upande wa kulia sikio moja lilikuwa limeanza kuchomoza. Ayuma alipoendelea kuzungusha likazidi, likanenepa, likawa kama kidole gumba kando ya vidole vya mtoto. Lilipofika mwisho likarudi ndani, na mchoro uliobaki ukaja vizuri kabisa. Lakini lile gumba lilikuwa pale.

Walirudia. Gumba likarudi palepale.

Nilitaka Injinia Ndinda awe mtu mbaya ili nipate wa kumkasirikia, lakini alizungumza polepole na kwa heshima. "Jacklyne, mbele ni safi, nyuma ni safi. Lakini sikio la kulia ni kubwa mno. Kwa paa za huku siwezi kulipitisha. Nimekuja kushuhudia, na lazima niandike nilichoshuhudia."

Austine alikuja mbio kutoka kule mwisho akaipapasa antena upande wa kulia kwa vidole, akitafuta mahali nyundo ilipokosea. "Nili-beat hii kitu poa, aki," alisema. "Hakuna dent. Kwani inavujia wapi?"

Ayuma alikaza shingo. Nilimjua mtoto wangu tangu akiwa tumboni na nilijua anapokaza shingo hivyo machozi yako karibu. Nikapata uchungu ambao sikuutarajia. Miezi yote nilikuwa nimeomba kibanda kile kifungwe, na sasa kilikuwa kinafungwa mbele yangu, na nilichotaka ni kumnyang'anya injinia kalamu.

Ndipo Ayuma akainua kichwa. "Naomba nipime mara moja zaidi. Lakini nataka niipindue. Juu iwe chini."

"Kwa nini?" injinia akauliza, ingawa nilimwona macho yakimng'aa, akijua kwa nini.

"Kama sikio ni la antena, nikiipindua litahama. Kulia kwake kutakuwa kushoto. Likihamia kushoto, nitakubali ni letu, na uandike. Lakini likibaki kulia, basi si la antena. Ni la uwanja."

Wakaifungua antena, wakaipindua, wakaifunga tena. Nakuambia hata watoto waliokuwa wakicheza kando waliacha mchezo wao. Bwire, ambaye sasa alikuwa akisimamia antena ya kutuma peke yake, akapandisha kijani. Ayuma akainama akaanza kuzungusha. Jani likaota. Vijani vya nyuma vikaota. Upande wa kushoto ukapita, mtulivu kama wali uliopoa. Upande wa kulia ukaanza kupanda, ukapanda, ukawa gumba.

"Limebaki kulia," injinia akasema.

"Sio sisi," Austine akasema, na akakaa chini kwenye nyasi. "Ni field ndio inatuchoma. Sio sisi."

"Basi kuna kitu upande huu kinarudisha mawimbi," injinia akasema. "Tafuteni. Siwezi kuandika kwamba ni uwanja bila kujua ni nini. Na jioni nina mahali pa kufika."

Sasa sikiliza. Ayuma alisimama akaangalia kulia. Austine akaangalia kulia. Bwire akaja kutoka kule nyuma na bendera zake, akaangalia kulia. Mimi nikaangalia kulia.

"Hakuna kitu," Bwire akasema.

"Ni uwanja tu," Ayuma akasema.

"Ni ukuta ule wa mbali?" Austine akasema, akinyoosha shingo.

Wote wanne tulikuwa tumekazia macho majoho ya kwaya nzima, yanachuruzika maji, juu ya waya tatu za chuma, na hakuna aliyeyaona. Yamekuwa pale kila Jumamosi ya maisha yetu. Kwa macho yetu uwanja wa kanisa siku ya Jumamosi huwa hivyo, na usipokuwa hivyo ndipo tungeuliza. Injinia peke yake ndiye angeshangaa, na injinia alikuwa anaangalia turubai tuliyomfungia sisi wenyewe.

Mimi nikiwa na hasira huwa sikai, nafanya kazi. Niliwaacha pale wakitazama ukuta nikaenda kuangalia majoho. Ya mstari wa mwanzo yalikuwa yanahitaji kugeuzwa. Nikavuta moja nikalitupa begani, nikavuta la pili, nikavuta la tatu, huku nikinung'unika na Mungu wangu kuhusu watu wanaokuja kuandika mambo.

"Nani amegusa kitu?" injinia akaita kutoka ndani ya hema.

Ayuma alikuwa ameacha antena imeelekezwa kwenye lile gumba ili wafikiri. "Hakuna," akajibu. "Haijaguswa."

"Nguvu imeshuka. Na inazidi kushuka."

Nikavuta la nne. Ayuma akageuza kichwa. Akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtoto wangu, kana kwamba ndio kwanza nimefika duniani.

"Mama," akasema, "simama hapo hapo."

"Nina kazi."

"Mama, tafadhali. Rudisha hayo majoho."

"Nayageuza, Ayuma, hayajakauka."

"Yarudishe tu kwenye waya."

Nikayarudisha, nikidhani jua limempanda kichwani. "Imepanda," injinia akasema. "Yaondoe, Mama," Ayuma akasema. Nikayaondoa. "Imeshuka." Nikaambiwa nirudishe. Nikarudisha. Nikaambiwa niondoe. Mbele ya mtaa mzima nilipandisha na kushusha majoho ya Bwana kama mtu anayecheza, na kila nilipopandisha injinia alisema imepanda, na kila niliposhusha alisema imeshuka, mpaka Mama Otiende, aliyekuwa ametoka na chungwa mkononi, akaanza kusema pamoja naye.

Ayuma alikuja mbio akasimama chini ya waya, maji yakimdondokea kichwani, akacheka mpaka akashikilia nguzo. "Tumeyaangalia," alisema. "Baba ameyaangalia. Mimi nimeyaangalia, mimi niliyesomea mawimbi. Tukasema hakuna kitu."

Injinia Ndinda akatoka ndani ya hema, akazunguka turubai, akasimama. Akatazama mistari mitatu kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Haya yamekuwa hapa tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi?" Mama Otiende akasema. "Dada, yamekuwa hapo tangu nizae kifungua mimba wangu."

Injinia akacheka, lakini kazi ikabaki kazi. Akasema kitambaa kibichi kinarudisha mawimbi na waya wa chuma pia unarudisha. Ili apime tena na aweke sahihi yake, vyote vitoke, nguo na waya, na vitoke sasa.

"Nguo sawa," Bwire akasema. "Waya haziwezi. Nimezikaza mimi, na vifundo vimeshikana kwa kutu. Hazifunguki. Labda zikatwe."

Wote waliniangalia mimi, hata injinia, ambaye hakuwa ameambiwa waya ni za nani lakini nadhani aliona.

Nami nitasema nilichohisi. Sikufikiria ofisi, sikufikiria kiti cha kuzunguka. Nilifikiria ile karatasi, kwamba itaandikwa antena ya Jacklyne Ayuma inavuja upande wa kulia, na ikae kwenye faili ya watu miaka na miaka, kumbe kilichovuja ni majoho yangu. Mtoto wangu nitamgombeza mimi. Nimemgombeza mwaka mzima na sijamaliza. Lakini asisingiziwe na waya zangu.

"Lete koleo," nikamwambia Bwire.

"Lenah, waya hizi nilizifunga mwaka Ayuma anazaliwa."

"Basi zimekaa vya kutosha. Lete koleo."

Akaleta. Nikamwambia nitakata mimi, na nikakata. Waya wa kwanza ulilia ukaruka kando kama nyoka, na akina mama wakarudi nyuma wakicheka. Mama Otiende aliita wanakwaya waliokuwa majumbani, wakaja na mabeseni, wakabeba kila kilicho kibichi. Kuanika kwenye ua wa mabati hakukuruhusiwa, maana mabati nayo ni hayo hayo. Tukaingiza vyote kanisani. Vijana wa kinanda wakaambiwa wapishe, na majoho tukayatandaza juu ya mabenchi, safu kwa safu, mpaka ikawa kama kwaya imeketi inangoja mahubiri ila imesahau vichwa nyumbani.

Uwanja ukabaki mtupu. Sikuwahi kuuona mtupu Jumamosi. Ulikuwa mkubwa kweli.

Bwire akarudi mahali pake. Alisimama akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaangalia tena kulia, muda mrefu, kama mtu anayekagua behewa. Kisha akapandisha kijani.

Ayuma akazungusha. Mimi nilikuwa nyuma ya injinia nimemshika Mama Otiende mkono, na nadhani nilimuumiza. Jani likaota. Kushoto kukapita. Nyuma kukapita. Tukafika upande wa kulia, na kila digrii nilisubiri lile gumba lichomoze, na halikuchomoza. Vikaja vijani viwili vidogo, vya adabu, sawa na vile vya kushoto. Basi.

"Ipindue," injinia akasema. Hakuwa ametoa macho kwenye kompyuta. "Nataka mchoro wa pili, juu iwe chini. Nisije nikaulizwa Jumatatu nikakosa jibu."

Wakaipindua. Bendera ikapanda tena. Mchoro wa pili ukaanza kujichora juu ya ule wa kwanza kwa rangi nyingine, na ukaufuata, ukaufuata kila kona, mpaka rangi mbili zikawa mstari mmoja.

Injinia Ndinda akafunga kompyuta, akasimama, akatoka kwenye hema hadi pale Ayuma alipokuwa bado ameinama chini ya ubao. Akamnyanyua. "Nimepima antena nyingi," alisema. "Hii ni safi kuliko tulizonazo. Kamati ndiyo itakayoamua, siwezi kuisemea. Lakini mchoro huu nitauweka mezani mimi mwenyewe, na nitasema niliuona ukichorwa, na jinsi mlivyolitafuta lile sikio nitaeleza pia."

Mama Otiende alipiga kigelegele cha kwanza. Sikumbuki nani alipiga cha pili kwa sababu nadhani nilikuwa mimi. Austine alimbeba Bwire, na Bwire, mtu ambaye hajabebwa tangu utotoni, akamwambia amshushe, lakini bendera ya kijani aliendelea kuipunga akiwa huko juu.

Jumapili tuliimba na majoho mabichi. Baridi ilinitambaa mgongoni tangu wimbo wa kwanza hadi baraka za mwisho, na sauti ya pili walipiga chafya kila mara. Hatujawahi kuimba vizuri namna ile. Ayuma alikuwa benchi la nyuma, na kila nilipomwangalia alikuwa anaangalia migongo yetu na kufunika mdomo.

Jioni yake babake alimpa bendera zote mbili, zimekunjwa. "Mama yako hataki habari kwa simu," alimwambia, "na mimi sitaki kungoja mpaka ufike mlangoni. Ukitokea mwisho wa uwanja, tuonyeshe."

Jumatatu, siku ya kamati, si siku yangu ya kufua, lakini kukaa nilishindwa. Nilifua tena majoho yote, yalikuwa yameshika harufu ya kutokauka. Bwire alikuwa amenifungia kamba za nailoni nyuma ya kanisa, kwenye nguzo za mbao, mbali na uwanja, na kuanzia siku hiyo tulikuwa tumekubaliana na akina mama wote kwamba upande wa uwanja hauanikwi tena kitu. Nilikuwa naanika na kutazama mwisho wa uwanja, ambao unaonekana kutoka pale, naanika na kutazama. Bwire alikuwa ameketi kwenye kigoda, naye akitazama kulekule.

Alasiri nikamwona. Alitokea upande wa Jogoo Road, mdogo kwa mbali, na Austine kando yake. Akasimama mwisho wa uwanja, pale antena ya kutuma ilipokuwa imesimama. Akafungua mkoba. Aliingiza mkono akatafuta, na mimi nikaona ametafuta mno, na nikakumbuka kwamba humo ndani mna mbili.

Bwire alikuwa amesimama. Ayuma akatoa mkono, akaunyoosha juu, wima, kama alivyofundishwa, na ilikuwa kijani.

Nilikuwa na joho la Mama Otiende mkononi na mengine kwenye beseni. Niliyaachilia yote. Nilikatiza katikati ya uwanja nikikimbia, mimi mwenye magoti haya, nikisikia Bwire nyuma yangu akiniita nimngoje, na sikumngoja. Majoho yalianguka mchangani, na sikuyaokota mpaka jua lilipokuwa linazama.